Matarumbeta Ndani ya Kompyuta: Jinsi ya Kupima Programu Kabla ya Kulipa

Kwenye kinanda chochote kinachofuata kanuni ya General MIDI ya mwaka 1991, sauti namba 57 ni tarumbeta, 58 ni tromboni, 59 ni tuba, na 62 ni kundi zima la matarumbeta. Wapiga kinanda wa makanisani Uvira, kutoka Kavimvira hadi Kalundu, wanazijua sauti hizo hata kama hawajawahi kuzihesabu, maana ndizo zinazoitikia kwaya mahali pasipo na fanfari. Zinasaidia. Lakini wimbo ukitoka ibadani ukaingia studio, msikilizaji aliyelelewa na nyimbo za T.P. OK Jazz anajua papo hapo kwamba hapa hakuna mtu aliyepuliza.

Masikio hayo yana historia. Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu Desemba 2021, ilikua pamoja na wapulizaji. OK Jazz ilizaliwa mwaka 1956, na kwa miaka kadhaa saksafoni ya Verckys ilikuwa sehemu ya sura yake. Manu Dibango, Mkameruni, alipuliza na African Jazz ya Kabasele mwanzoni mwa miaka ya 1960. Les Mangelepa, Wakongo waliojikusanya Nairobi mwaka 1976, walipeleka mtindo huo Afrika Mashariki. Zaiko Langa Langa, iliyoanza mwishoni mwa 1969, ndiyo iliyowaacha wapulizaji nje na kuyapa magitaa na ngoma uwanja wote. Vinanda vya umeme vikaja baadaye kujaza nafasi. Prodyuza wa leo anayetaka kurudisha matarumbeta kwa kutumia kompyuta anarudisha kitu ambacho watu wanakikumbuka vizuri sana. Hawezi kuwadanganya.

Programu za matarumbeta ni nyingi, kuanzia za bure hadi za mamia ya dola. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kompyuta moja, umeme wa SNEL unaokatika bila taarifa, na bando la intaneti linalohesabiwa. Kwake yeye, bei na ukubwa wa programu havisemi mengi kuhusu ubora wake. Swali ni kama programu inapiga noti fupi kwa wakati, kama sauti yake inabadilika rangi pumzi inapoongezeka, na kama itafunguka siku mtandao umezima.

Kwanza, elewa kinachoigwa

Mpulizaji hutetemesha midomo kwenye kinywa cha ala, na ulimi ndio unaoanzisha kila noti. Akiongeza pumzi, sauti haiwi kubwa tu: inang'aa, inakuwa kali, inapata makali ya chuma. Mwaka 1966 Mfaransa Jean-Claude Risset, aliyekuwa akifanya kazi Bell Laboratories huko Marekani, alichapisha uchunguzi wa sauti ya tarumbeta kwa kutumia kompyuta. Alionyesha kwamba kadiri noti inavyopulizwa kwa nguvu, ndivyo sauti zake za juu zinavyoongezeka kwa kasi kuliko zile za chini. Hapo ndipo programu dhaifu zinapoumbuka. Ukipandisha kitufe cha sauti, tarumbeta yake laini inabaki laini ileile, ila sasa inapiga kelele.

Programu huiga jambo hilo kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni sampuli. Wapulizaji halisi hurekodiwa noti moja moja, kwa upole, kwa wastani na kwa nguvu, kisha programu huchagua rekodi kulingana na unavyobonyeza. Sauti huwa ya kweli kwa sababu ni ya kweli. Gharama yake ni nafasi ya diski na RAM, na ugumu wa kuunganisha noti na noti bila mshono kusikika.

Njia ya pili ni kuunda sauti kwa hesabu, kompyuta ikikokotoa mwenendo wa hewa, midomo na bomba papo hapo. SWAM ya kampuni ya Kiitaliano Audio Modeling ni ya aina hii. Haijazi diski, inateleza vizuri kutoka noti hadi noti, lakini inataka prosesa yenye nguvu, na inataka mkono wako ufanye kazi ya pumzi muda wote. Mtu anayebonyeza noti tu bila kusogeza kidhibiti chochote atapata sauti iliyokufa, au asipate sauti kabisa.

SANDUKU: Maswali ya kujibu kabla hujapakua hata megabaiti moja

☐ Ukubwa wake ni gigabaiti ngapi? Kwenye mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde, gigabaiti 1 inachukua zaidi ya saa moja. Gigabaiti 40 zinakaribia siku mbili mfululizo, bila umeme kukatika.
☐ Ikikatika katikati, upakuaji unaendelea pale ulipoishia au unaanza upya?
☐ Inahitaji programu nyingine ili ifunguke? Maktaba nyingi zinasomwa na Kontakt ya Native Instruments. Nyingine zinakubali Kontakt Player ya bure, na nyingine zinadai Kontakt kamili. Ukifungua hizo za pili kwenye Player, zinafanya kazi dakika 15 kisha zinanyamaza.
☐ Ni ya biti 64? Plagini nyingi za bure za zamani ni za biti 32, na programu mpya za kurekodi zinazikataa au zinagoma nazo.
☐ Leseni inathibitishwa vipi? Mara moja tu, au kila unapofungua? Zinazotumia iLok kwa njia ya wingu zinataka intaneti muda wote unapofanya kazi. Kwa studio ya Uvira, hilo peke yake ni sababu tosha ya kuikataa programu hata kama sauti yake inapendeza.
☐ Kuna toleo la majaribio?

Jaribio lenyewe

Sampuli za sauti zinazowekwa kwenye matangazo hutengenezwa na watu wanaoijua programu kuliko wewe, wakiwa na muda wote wa kurekebisha. Usizitumie kufanya uamuzi. Andaa kipande chako kimoja cha MIDI, kihifadhi, na ukipigishe kila programu unayoipima. Kipande kikiwa kilekile, masikio yanalinganisha kwa haki.

1. Weka tempo 120. Zima mwangwi, ikwaliza na kompresa zote, pamoja na zile zilizofichwa ndani ya plagini yenyewe. Mwangwi mzuri huficha tarumbeta mbaya.

2. Andika noti moja ndefu ya sekunde nne. Mwanzo wake uwe wa upole kabisa, mwisho wake wa nguvu kabisa, kwa kusogeza gurudumu la modulesheni (kidhibiti namba 1) au ekspresheni (namba 11), kulingana na maelekezo ya programu. Sikiliza rangi ya sauti: inang'aa taratibu, au inaruka ghafla kutoka rekodi moja hadi nyingine? Kisha rudia noti hiyohiyo ukitumia kidhibiti namba 7, ambacho ni sauti tu. Kama huoni tofauti kati ya mara ya kwanza na ya pili, programu hiyo haina pumzi ndani yake.

3. Andika noti moja ikirudiwa mara 16, fupifupi. Programu nzuri ina rekodi kadhaa za noti ileile na inazizungusha. Programu dhaifu inarudia rekodi moja na kulia kama cherehani. Kwenye rumba, mahali matarumbeta yanapopiga mipigo mifupi nyuma ya sauti ya mwimbaji, kasoro hii inasikika hata kwenye spika ya simu.

4. Unganisha noti tano kwa legato, kupanda na kushuka. Kwa tarumbeta, noti zibadilike safi, bila ulimi mpya kila mara. Kwa tromboni, sikiliza mteremko: mkono wa tromboni una nafasi saba tu, hivyo mpulizaji hawezi kuteleza kwa mkupuo mmoja zaidi ya nusu-toni sita. Programu ikikuruhusu kuteleza oktava nzima, ruhusa hiyo isikupoteze.

5. Piga noti za mwisho, chini na juu. Tarumbeta ya si-bemoli hutoa sauti kuanzia mi iliyo chini ya do ya kati hadi si-bemoli ya oktava ya pili juu yake. Kwa namba za MIDI ni 52 hadi 82. Tromboni ya tena ni kama 40 hadi 70, na wapulizaji hodari hupita hapo. Hesabu kwa namba na siyo kwa majina, kwa sababu do ya kati inaitwa C5 kwenye FL Studio na C3 kwenye Cubase. Programu ikiendelea kulia nje ya mipaka hiyo, ujue inavuta rekodi moja kama mpira.

6. Pima kuchelewa. Andika mpigo mmoja mkavu wa matarumbeta pamoja na mpigo wa kiki ya ngoma, sehemu ileile ya mstari. Vinaangukia pamoja? Kwenye tempo 120, noti ya robo ya pigo ina milisekunde 125. Tarumbeta inayochelewa milisekunde 100 imeshaharibu sebene. Kuchelewa kwa namna hii kuko ndani ya rekodi zenyewe, hakuponi kwa kubadilisha mipangilio ya kompyuta. Dawa yake ni kuusogeza mstari wote kwa mkono ili uanze mapema kidogo.

7. Sasa washa magitaa, besi na ngoma za wimbo wako halisi, halafu sikiliza tena. Kuna programu inayopendeza ikiwa peke yake na kupotea mara gitaa la mi-solo linapoingia. Nyingine inakera ikiwa peke yake lakini ndani ya miksi inakata vizuri. Hatua hii ndiyo yenye kura nyingi kuliko zote.

8. Fungua matarumbeta mawili, tromboni na saksafoni kwa pamoja, ukiangalia mita ya prosesa na RAM. Kama unapiga moja kwa moja kwa kinanda, weka bafa ya sampuli 128, ambayo kwenye 44,100 ni karibu milisekunde 3; ukisikia mikwaruzo, panda hadi 256 au 512. Ya 512 inafika karibu milisekunde 12, na kidole chepesi huanza kuisikia. Rudia kipimo hiki mchana. Joto la ufukweni hufanya kompyuta ipunguze kasi yake yenyewe, na programu iliyokwenda vizuri saa mbili usiku inaweza kukwama saa nane mchana.

9. Zima data. Zima kompyuta. Iwashe tena ukiwa kwenye betri na ufungue wimbo. Programu ikigoma hapa, irudishe kabla muda wa majaribio haujaisha.

Matarumbeta ya filamu na matarumbeta ya rumba

Kosa linalokula fedha nyingi kuliko yote ni kununua matarumbeta ya sinema kwa ajili ya muziki wa kuchezeka. Maktaba kubwa zinazosifiwa zaidi hurekodiwa kwenye kumbi pana, na wapulizaji wengi, kwa ajili ya ngurumo ndefu za vita na mashujaa. Mwangwi wa ukumbi umo ndani ya kila noti na hautoki. Ziweke kwenye rumba, na utasikia kwaya ya chuma ikitembea nyuma ya gari la muziki, haiwahi kulifikia.

Sikiliza jinsi bendi za zamani zilivyopanga. Walikuwa wachache: tarumbeta moja au mbili, saksafoni mbili au tatu. Mara nyingi walipiga wimbo mmoja kwa tofauti ya noti tatu, wakijibu mwisho wa sentensi ya mwimbaji, kisha wakanyamaza. Kwenye sebene wakarudia kifungu kifupi, safi, kikavu. Kwa kazi hiyo unahitaji kundi dogo lililorekodiwa karibu, stakato nzuri, na zile noti zinazoteleza kushuka mwishoni. Session Horns ya Native Instruments, iliyo na tarumbeta, tromboni na saksafoni pamoja, iliundwa kwa muziki wa aina hii, na ni mfano mzuri wa kulinganishia hata kama hutainunua.

Saksafoni, kwa wanaouliza, hupulizwa kwa mwanzi, hivyo kampuni nyingi huiweka kwenye pakiti ya ala za mbao. Soma orodha ya ala kabla ya kulipa, maana pakiti ya matarumbeta bila saksafoni ni nusu ya bendi ya rumba.

Kama kazi yako ni kwaya na nyimbo za kuabudu, hesabu inageuka. Hapo sauti pana na ndefu inafaa, na maktaba ya okestra inaweza kukupa utukufu unaoutafuta.

Pa kuanzia bila kutoa dola

BBC Symphony Orchestra Discover ya Spitfire Audio ina ukubwa wa takriban megabaiti 200. Ilirekodiwa kwenye studio za Maida Vale, London, na inabeba tarumbeta, honi, tromboni na tuba. Mitindo ya upulizaji ni michache, na mwangwi wa chumba upo ndani. Ni ya kwaya kuliko ya sebene.

VSCO 2 Community Edition ya Versilian Studios imetolewa kwa leseni ya CC0, maana yake unaweza kuitumia kwenye kazi yoyote, hata ya biashara, bila kuomba ruhusa. Virtual Playing Orchestra imekusanya sampuli za bure kutoka vyanzo kadhaa kwa mfumo wa SFZ, na husomwa na sforzando ya kampuni ya Plogue, ambayo nayo ni ya bure. Mpangilio huu unataka subira kidogo mwanzoni. Faida yake ni kwamba sampuli ni faili za kawaida: unazinakili kwenye diski, unazipeleka studio ya Baraka au Kiliba, zinafanya kazi bila kuuliza mtu.

Kuhusu nakala zilizovunjwa zinazozunguka kwenye fleshi: ziache. Faili za aina hiyo ni mlango wa virusi kwenye kompyuta iliyobeba kazi za wateja wako wote, na hugoma kufunguka baada ya sasisho dogo tu. Programu za bure zilizo halali ni nyingi kiasi cha kutosha kuanzia.

SANDUKU: Makosa yanayoonekana mara kwa mara

• Kubonyeza kodi ya noti tatu kwenye sauti ya "kundi". Kama kundi lina tarumbeta tatu, sasa unazo tisa. Chukua ala moja moja na umpe kila mpulizaji mstari wake.
• Kumnyima mpulizaji pumzi. Kwenye tempo 90, mistari minne ya mapigo manne ni karibu sekunde 11. Hakuna anayepiga kwa nguvu muda huo wote, wimbo mzima. Acha mapengo, na hapohapo sauti itaanza kuwa ya binadamu.
• Kupanga kila noti kwenye gridi kwa usahihi wa mashine. Wapulizaji watatu hawaanzi kamwe kwa nukta ileile.
• Kusahau vitufe vya amri. Kwenye programu nyingi, noti za chini kabisa za kinanda hazilii. Zinabadilisha mtindo, kutoka legato kwenda stakato. Ukihamisha wimbo ufunguo mwingine, noti hizo nazo huhama, na matarumbeta yote yanachanganyikiwa.
• Kusikiliza kwa hedfoni tu. Cheza kazi yako kwenye simu na kwenye spika kubwa ya nje kabla hujasema imekwisha.

Ongeza mtu mmoja

Hila ya zamani ya studio bado ina nguvu kuliko plagini yoyote: mpulizaji mmoja wa kweli juu ya kundi la kompyuta. Sikio hushika mstari wa juu, na mstari huo ukiwa wa binadamu, mistari ya chini inasamehewa mengi. Kanisa la Kimbangu limeifanya fanfari kuwa sehemu ya maisha yake, na huko Kinshasa lilizaa hata okestra kamili ya simfonia, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994. Kama jirani na studio yako kuna parokia yenye fanfari, mwombe mpulizaji saa moja ya kazi na umlipe.

Kabla hajaja, mwandikie noti zake sawasawa. Kompyuta inaandika sauti inavyosikika, lakini tarumbeta ya si-bemoli husoma toni moja juu zaidi: ukitaka isikike do, mwandikie re. Saksafoni alto ya mi-bemoli, ukitaka isikike do, iandikie la iliyo juu yake. Tromboni ya fanfari ikisoma ufunguo wa fa huandikiwa inavyosikika. Ikisoma ufunguo wa sol, kama ilivyo desturi ya fanfari nyingi, muulize kwanza mwenyewe anavyosoma.

Ulichokwisha kupakua, kitunze

Nakili maktaba na faili za leseni kwenye diski ya nje, pamoja na karatasi yenye majina ya akaunti na namba za usajili. Diski hiyo isilale studio. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na kubomoa nyumba kwa wingi mjini Uvira, na tangu hapo maji ya Tanganyika yamepanda mara kadhaa hadi kuingia mitaa ya ufukweni. Mpe mtu unayemwamini anayeishi upande wa mlimani aiweke juu ya kabati, na kila baada ya miezi mitatu iunganishe na kompyuta, ufungue wimbo mmoja kutoka humo, ili ujue kwamba bado inasoma.